Njia ya pili ya intaneti isifungwe kwenye nguzo ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kukatika kwa intaneti ya faiba majumbani, na hasa namna tunavyochagua njia ya pili ya kututoa inapokatika. Miaka michache tu iliyopita faiba ilikuwa kitu cha ofisi na hoteli kubwa. Leo, hapa Mombasa na jirani zake katika pwani ya Kenya, imefika Kisauni, Bamburi, Likoni, Changamwe na Mtwapa, na imeingia katika riziki za watu. Wapo vijana wanaofanyia kazi kampuni za ng'ambo wakiwa sebuleni mwao na kulipwa kwa saa walizokuwa mtandaoni. Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaohudhuria masomo na kufanya mitihani kwenye tarakilishi. Wapo wazazi ambao watoto wao wako Oman, Qatar au Saudi Arabia, na uso wa mtoto huonekana kwa simu ya video au hauonekani kabisa. Kwa watu hawa, siku mbili bila intaneti ni hasara ambayo hakuna anayewalipa.

Wengi wamekwisha kulitambua hilo na sasa wananunua huduma ya pili ya kukaa akiba. Ninachosikitikia ni kwamba wanainunua kwa kutazama jina la kampuni, kasi iliyotangazwa na bei ya mwezi, bila kuuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia yote hayo: huduma hiyo inapita wapi mpaka ikafika nyumbani kwangu? Nyaya mbili za kampuni mbili zikiwa zimening'inia kwenye nguzo moja, mwenye nyumba ana njia moja anayoilipia mara mbili.

Ili nieleweke, ni vyema nieleze jinsi faiba inavyotufikia. Kutoka kituo cha kampuni, uzi mmoja wa kioo hubeba mwanga hadi kwenye kisanduku kilichofungwa juu ya nguzo mtaani, na humo mwanga hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kisanduku hicho hakitumii umeme hata kidogo. Kutoka hapo waya mwembamba huja hadi nyumbani na kuishia kwenye modemu iliyobandikwa ukutani. Kama teknolojia, ni njia imara kuliko waya wa shaba uliotangulia, kwa kuwa kioo hakishiki kutu hata katika hewa hii yetu ya chumvi, na hakipitishi umeme wa radi. Udhaifu wake uko njiani. Katika mitaa yetu mingi nyaya hazikuzikwa, zimetundikwa kwenye nguzo za umeme pamoja na za kampuni nyingine, na nguzo ikianguka au ikibadilishwa, kila kilichotundikwa juu yake huenda nayo. Palipozikwa nako kuna adui mwingine, yaani trekta la kupanua barabara na mtaro wa bomba la maji. Panya nao hutafuna, na wezi hukata wakidhani ndani mna shaba ya kuuza.

Mtaani kwetu lori lililojaa mawe ya kujengea lilinasa kebo iliyokuwa imelegea kuvuka barabara, likaivuta pamoja na nyingine zote zilizofungwa kwenye ndoano ileile. Jirani mmoja aliyekuwa analipia kampuni mbili, kwa sababu kazi yake haimruhusu kutoweka mtandaoni, alipoteza zote mbili kwa dakika moja. Fundi alipofika baada ya siku kadhaa aliweka mashine yake juu ya stuli ya plastiki chini ya mwarobaini, akaumenya waya, akaufuta uzi wa kioo kwa kitambaa chenye spiriti, akakata ncha yake ikawa sawasawa, kisha akazilaza ncha mbili ndani ya mashine. Kwenye skrini ndogo ya mashine zilionekana zikisogeleana polepole hadi cheche ikaziyeyusha zikawa uzi mmoja. Kila uzi ulimchukua dakika chache tu. Zile siku zote zilizotangulia zilikuwa za kupiga simu, kusubiri muziki uishe, na kuambiwa kwamba tatizo linajulikana na linashughulikiwa.

Naeleza haya kwa sababu mtu hawezi kuchagua akiba kabla hajajua ni kitu gani kinachomkatia. Modemu yenyewe husaidia kulijibu swali hilo, na ni jambo ambalo kila mteja angefundishwa siku ya kufungiwa huduma. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, kwa hiyo waya umekatika au umekunjwa kupita kiasi mahali fulani, mara nyingine nyuma ya kabati iliyosukumwa ukutani. Taa ya PON ikiwa ya kijani isiyopepesa na bado hakuna kinachofunguka, waya wa mtaani ni mzima na kasoro iko kwa kampuni au mbele zaidi. Taa zote zikiwa zimezimika, tatizo ni umeme. Hali hizi tatu zinataka dawa tatu tofauti, ilhali wauzaji hutuuzia dawa moja.

Nianze na umeme, kwa kuwa ndio unaosahaulika zaidi. Mwaka 2023 nchi nzima ilipata giza tarehe 25 Agosti, kisha tena tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba, achilia mbali kukatika kwa mtaa mmoja mmoja ambako tumekuzoea. Kwa kuwa kisanduku cha nguzoni hakihitaji umeme, na kampuni huweka betri na jenereta katika vituo vyao, mara nyingi faiba huendelea kuleta mwanga hadi ukutani kwako wakati nyumba yote imezimika. Kinachokosekana ni wati kumi au kumi na tano za kuwasha modemu na ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba. Mwenye tatizo hili akienda kununua intaneti ya pili atakuwa ametumia fedha nyingi mahali pasipostahili, wakati betri ndogo ya ruta ingemtosha.

Lakini hata betri hiyo inataka kununuliwa kwa macho yaliyo wazi. Nyingi huandikwa 10,000 mAh kwa herufi kubwa, na mnunuzi hudhani itakesha naye. Kipimo hicho huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani, wala si kwa volti 12 ambazo ruta nyingi hutumia. Zidisha uone: ni wati 37 kwa saa moja, na sehemu yake hupotea katika kupandisha volti. Modemu inayokula wati 10 itapata saa tatu hivi, na ukiwasha modemu pamoja na ruta ya pembeni, zote zikila wati 15, zitabaki kama saa mbili. Kwa hiyo mnunuzi asome nyuma ya adapta ya modemu yake volti na ampea zinazohitajika, ahakikishe betri inatoa kiasi hichohicho, kisha apige hesabu kwa wati na saa. Anayetaka kuvuka usiku mzima atahitaji betri kubwa zaidi, na kwa bei za siku hizi nadhani bado ni rahisi kuliko kulipia bili ya pili kila mwezi.

Hali ya pili, yaani waya uliokatika mtaani, ndiyo inayohitaji njia nyingine kabisa, na hapa ushauri wangu ni kwamba faiba ya pili iwe chaguo la mwisho. Mtu anaweza kuifikiria iwapo tu amethibitisha kwa macho yake kwamba inaingia mtaani kwa barabara nyingine, au kwamba moja imezikwa na nyingine imetundikwa. Kwa nyumba nyingi, laini ya simu katika ruta ya 4G au 5G ndiyo akiba ya busara: haihitaji fundi, hulipiwa kwa bando unapoitaka, na mnara una betri zake. Iwe ya kampuni tofauti na ile ya faiba. Najua wengi wetu tuna faiba na laini kutoka kampuni moja kwa sababu ya urahisi wa kulipa, lakini mitambo mikuu ya kampuni hiyo ikiyumba, vyote viwili vitayumba.

Laini nayo ina mipaka yake, na sioni ikielezwa. Mnara wa simu hupokea intaneti yake kwa waya wa faiba au kwa mawimbi kutoka mnara mwingine. Ukitegemea kebo ileile inayopita kando ya barabara ileile, trekta moja litakata nyumba na mnara pamoja. Tena faiba ya mtaa inapokatika, kila mwenye nyumba hukimbilia simu yake kwa wakati mmoja, na mnara uliokuwa na kasi nzuri hujaa watu. Ndiyo maana haifai kuipima laini saa nne asubuhi dukani unapoinunua. Ipime nyumbani, saa mbili usiku, mahali ruta itakapokaa, na ikiwezekana azima laini za kampuni mbili au tatu kwa jamaa na marafiki kabla ya kuamua. Ruta ikisogezwa dirishani upande wa mnara, kasi huweza kubadilika kabisa, hasa katika nyumba zetu za mawe zenye kuta nene.

Kisha kuna setilaiti. Starlink ilianza kutoa huduma Kenya Julai 2023, na setilaiti zake, kwa kuwa huruka kiasi cha kilomita 550 tu juu yetu badala ya karibu kilomita 36,000 za setilaiti za zamani, hazina ule ucheleweshaji uliokuwa ukifanya mazungumzo ya simu yawe ya tabu. Kwa mtazamo wa hoja yangu ndiyo njia iliyojitenga zaidi, kwani haipiti nguzo yoyote wala mtaro wowote wa mtaa. Kwa anayeishi pembezoni, kwa mfano ndani ya Kilifi au Kwale ambako mnara ni wa mbali, ningemshauri bila kusita. Anayeishi mjini afikirie mambo mawili. Dishi linataka anga iliyo wazi, na mnazi mmoja ulioinamia paa unatosha kulikatiza mara kwa mara. Pia dishi la kawaida hula kati ya wati 50 na 100 kutegemea aina yake, kwa hiyo ile betri ndogo niliyoitaja haitaliwasha, na umeme ukikatika akiba hiyo italala pamoja na taa.

Hali ya tatu, ya kasoro iliyo mbele ya mtaa, huweza kuwa ya baharini, kwenye nyaya za chini ya bahari zinazotuunganisha na intaneti ya nje, na sisi wa Mombasa tunapaswa kuielewa kuliko wengine kwa kuwa nyaya hizo hutua hapahapa pwani kwetu. SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Februari 2012 nanga ya meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilikata TEAMS karibu kabisa na mji huu. Mwanzoni mwa 2024 nyaya kadhaa, SEACOM ikiwemo, ziliharibika katika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo SEACOM na EASSy zikakatika upande wa kusini, baharini karibu na Durban. Intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Ukarabati wa namna hii husubiri meli maalumu, ambazo ni chache mno. Léon Thévenin, ambayo huhudumia sehemu kubwa ya pwani za Afrika, makao yake yako Cape Town.

Dalili ya kukatika kwa baharini ni kwamba tovuti na huduma zilizohifadhiwa humu nchini huendelea kufunguka vizuri, kwa sababu kampuni zetu hubadilishana data kupitia KIXP, kituo cha humu nchini cha kuunganisha mitandao, bila kutoka nje, huku huduma za ng'ambo zikijikokota. Siku hiyo kubadilisha kutoka faiba hadi laini kunaweza kusikusaidie chochote, iwapo kampuni zote mbili zimenunua nafasi katika nyaya zilezile. Kampuni iliyojipanga vizuri huwa na njia ya kaskazini kupitia Bahari ya Shamu na njia ya kusini kupitia Afrika Kusini, na nafasi ya kutosha katika kila moja. Mteja wa kawaida hana namna ya kulijua hilo mpaka siku ya mkasa, na ni haki yake kuambiwa mapema.

Nimesisitiza kutengana kwa njia kwa sababu hesabu yenyewe inasisitiza. Kampuni inayotoa huduma asilimia 99 ya wakati imekuacha bila huduma saa 87 na zaidi kwa mwaka, ambazo ni siku tatu na nusu na ushee. Ukiwa na njia mbili za kiwango hicho zisizohusiana kwa lolote, muda ambao zote mbili zitakuwa chini kwa pamoja hushuka hadi chini ya saa moja kwa mwaka mzima. Hakuna kampuni ya nyumbani inayoweza kukuuzia uimara wa aina hiyo kwa waya mmoja. Lakini zikiwa kwenye nguzo moja, au zikitegemea soketi moja ya umeme, hesabu hiyo hurudi karibu ilikokuwa.

Jambo moja la ufundi sitalipita, kwa kuwa limewaponza watu waliokuwa wamefanya mengine yote sawasawa. Wapo wanaonunua ruta yenye milango miwili ya kupokea intaneti, mmoja wa faiba na mwingine wa laini, ili ibadilishe yenyewe. Ruta nyingi, zisiporekebishwa, huangalia tu kama kifaa kilichochomekwa kinawaka. Waya wa mtaani unapokatika, modemu ya faiba bado inawaka, kwa hiyo ruta huona mlango uko hai na haibadilishi chochote. Mwenye nyumba anabaki bila intaneti na akiba ikiwa imelala kando yake. Inatakiwa iwekwe iwe inaulizia anwani ya nje, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google, na ikikosa jibu mara kadhaa ndipo ihamie upande wa pili. Baada ya kuiweka hivyo, mtu achomoe waya mwembamba wa faiba kwenye modemu, kwani kuzima modemu yenyewe hakumuonyeshi hali halisi ya waya kukatika, kisha asubiri aone inachukua muda gani kuhama. Mazungumzo ya video yatakatika na kuanza upya, na hilo halina dawa nyepesi. Afanye hivyo kila mwezi, akague pia kama bando la laini halijaisha muda, maana akiba iliyokwisha muda hugunduliwa siku inapohitajika.

Hayo ni ya mwenye nyumba. Yapo ambayo mwenye nyumba hawezi, na hapo naelekeza ombi langu kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na kwa serikali za kaunti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Kwa huduma hii, habari muhimu kuliko zote ni njia inayopita. Sidai ramani za siri za kampuni zianikwe. Nataka mteja, kabla hajatia sahihi, aambiwe kwa maandishi kama waya wake umezikwa au umetundikwa, kama uko pamoja na wa kampuni nyingine kwenye nguzo moja kutoka barabara kuu hadi kwake, na kama kampuni ina njia ya kaskazini na ya kusini baharini. Maneno matatu manne tu kwenye fomu ileile anayoandika jina na nambari ya kitambulisho. Pia huduma ikikatika, atumiwe ujumbe unaosema ni nini kimekatika na lini inatarajiwa kurudi, na siku alizokosa zirudishwe kwenye akaunti yake bila kupiga simu kuziomba. Kampuni inajua kutoka kwenye mitambo yake modemu gani haikupata mwanga na kwa saa ngapi. Hakuna sababu ya kumtaka mteja athibitishe jambo ambalo kampuni yenyewe imelirekodi.

Kwa upande wa kaunti, kibali cha kuchimba barabara kisitolewe kabla wenye nyaya hawajaitwa mahali penyewe na kuonyesha zilipo. Gharama ya mkutano huo wa asubuhi moja ni ndogo mno ikilinganishwa na mtaa mzima kukosa kazi.

Mhariri, gazeti lako lina sauti ambayo mteja mmoja mmoja hana. Nakuomba ulipeleke swali la njia kwa kila kampuni inayouza faiba ya nyumbani katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, mtaa kwa mtaa, na uchapishe majibu yao kama yatakavyokuja, pamoja na majina ya zile zitakazokataa kujibu.

Msomaji wako,
Bamburi, Mombasa